Matangazo ya Ndoa ya Kapteni Gaudens

Vijana wa studio mmeniuliza mara nyingi tulivyokuwa tukitafsiri filamu kabla ya kompyuta, na kila mara niliwajibu kwa sentensi moja kwa sababu kulikuwa na kazi ya kumaliza. Sasa nimestaafu. Kahawa yangu imepaliliwa, na mke wangu ameanza kuniomba nimtafsirie kuku wanalilia nini. Kwa hiyo nafasi ninayo, na nitawaeleza taratibu. Habari za nani alilipwa nini tuziache. Kazi yetu haikuwa na vyeo, ilikuwa na sauti tu.

Nilianza miaka ile biashara zilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milima yetu na magari yao, maduka ya Mbinga yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa wasafiri, na Dar es Salaam zikaanza televisheni za watu binafsi. Jirani yetu Mama Kunegunda, mjane mwenye shamba zuri, aliuza kahawa ya msimu mzima akanunua televisheni, deki na jenereta. Wanawe walidhani atanunua bati. Parokia ikamwazima ghala lake la zamani, sisi tukapasua mbao tukagonga benchi, na Mbinga ikapata ukumbi wa video.

Mdogo wake aliyekuwa Dar alirekodi tamthilia moja ya kigeni kutoka kwenye televisheni na kututumia kanda kwa basi, matangazo ya sabuni yakiwa humo humo. Ilihusu kikosi cha zimamoto katika mji mkubwa wa ng'ambo, na ilikuwa ndefu, ya miaka na miaka. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelitumia. Watu waliiita Kikosi. Maneno yote yalikuwa Kiingereza, na hapo ndipo nilipoitwa mimi. Kiingereza nilikipata seminari ndogo, mahali nilipoondoka muda mfupi kabla hawajaniondoa.

Siku ya kwanza nilitafsiri kila neno. Mtu akisema "asante" nilisema "asante". Simu ikilia nilisema "simu inalia". Nilipofika katikati ya kanda sauti ilikuwa imekauka, na mzee mmoja wa benchi ya mbele akaniuliza kwa upole, "Kandidus, ukinyamaza kidogo tutapungukiwa nini?"

Nilikwenda kwa Mwalimu Osmund, katekista wetu. Kwa miaka mingi alisimama kando ya mapadre wageni akigeuza mahubiri yao kuwa Kimatengo kwa ajili ya bibi zetu, na kama kulikuwa na mtu anayejua kusema maneno ya mwingine bila kuyaharibu, ni yeye. Alinifundisha uani kwake huku akichambua maharage. Aliniambia nisikae nikitazama picha, nikae upande, niwaone watu, maana picha nimeshaiona na watu ndio kwanza wanaiona. Aliniambia niitazame kanda yote kabla, kama yeye alivyomfuata padre kila Jumamosi kumuuliza kesho atasema nini. "Na watu wakilia," alisema, "funga mdomo. Hawakuhitaji wakati huo." Somo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Nawasikia ninyi mnavyosema juu ya vilio, na siwalaumu, lakini jaribuni kunyamaza.

Vifaa navyo vilikuwa na tabia zao. Deki ilipenda vumbi kuliko ilivyotupenda sisi, na kila asubuhi nilifuta kichwa chake kwa kitambaa chenye spiriti. Jenereta ilikuwa na kelele za kunishinda, kwa hiyo tulichimba shimo nyuma ya ghala tukaiweka humo. Wamatengo kuchimba mashimo hatufundishwi, milima yote tumeilima kwa mashimo ya ngoro. Kelele ikapungua, nami nikaweza kusema kama mtu badala ya mnadi.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa kueleza zimamoto ni nini. Gari la namna hiyo mimi nililiona mara moja Songea, limeegeshwa. Sisi moto wetu tuliuzima kwa majani mabichi, ndoo na majirani. Mkulima mmoja aliniuliza, "Hao wanalala kituoni wakingoja nyumba ya mtu iungue? Na shamba lao analima nani?" Nilijibu kwamba wanapokea mshahara. Alitafakari, akasema ni kazi nzuri ila ina uvivu ndani yake. Kanda ya tatu, ilipoungua hospitali na watu wakatolewa madirishani kwa ngazi, ndiye aliyesimama wa kwanza kupiga makofi.

Majina ya wahusika niliyabadilisha, kwa kuwa yale ya kigeni yalipotea masikioni. Staringi, yaani mhusika mkuu, mkuu wa kikosi mwenye masharubu, nilimwita Kapteni Gaudens, na mkewe Monika. Dereva wa gari la maji nilimpa jina la ziwani, Wilson. Hii ni kwa sababu kila Jumatano tulifunga televisheni kwenye godoro, tukateremka nayo kwa pikapu hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa, kuonyesha na huko, na watu wa ziwani waliniambia wazi kwamba hawawezi kutazama kikosi kizima cha Wamatengo wakiokoa dunia. Wilson akawa Mnyasa, na amani ikapatikana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtafsiri wa tamthilia ndefu atakutana nalo. Filamu ina mwisho, lakini tamthilia inaendelea hata waigizaji wakichoka. Mmoja anapata kazi nzuri zaidi, mwingine anagombana na wakubwa wake, mwingine anazeeka. Wenye tamthilia wanajua sababu. Mtazamaji aliyeko Mbinga anaona tu kwamba mtu wake hayupo.

Alianza kupotea yule kijana wa kushika mpira wa maji. Kanda moja yupo, inayofuata hayupo, na wenzake hawamtaji. Nilisema, "Amepata uhamisho." Ukumbi mzima ukaelewa, maana nani asiyejua mwalimu au bwana shamba aliyeondoka hivyo? Sauti ikauliza kutoka nyuma, "Kahamishiwa wapi?" Nikajibu, "Tunduru." Watu walimsikitikia kweli kweli. Alipopotea dada wa redio nikampeleka kusomea uuguzi, na hilo liliwapendeza kina mama. Nilianza kujiona fundi.

Ndipo ikaja kanda ya Kapteni Gaudens mpya.

Hakuondoka huyu. Aliondoka mwigizaji wake, wakaleta mwingine akashika nafasi ile ile. Wenzake kikosini walimwita jina lile lile. Alivaa kofia ile ile, akafungua mlango wa nyumba ile ile, watoto wakamkimbilia. Lakini alikuwa mrefu, hana masharubu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Uhamisho haungefaa, maana hakuna aliyehama. Nilipoitazama kanda ile Jumamosi peke yangu, niliona taabu inakuja.

Jumapili baada ya misa ghala lilijaa. Kapteni mpya akaingia nyumbani, akamkumbatia Monika, akakaa kitandani kuvua viatu.

"Huyu nani?" akauliza mama mmoja.

"Kapteni Gaudens," nikasema.

"Gaudens namjua. Nauliza huyu."

Nilisimamisha kanda nikaeleza kwa uvumilivu, kama ninavyowaeleza ninyi, kwamba hawa ni waigizaji, kwamba yule wa zamani ameacha kazi na huyu ameajiriwa mahali pake.

"Kuigiza tunajua," akasema mama yule. "Hata Yosefu wa igizo la Noeli ni mwanangu. Lakini mwaka ule alipougua tulitangaziwa kabla, kwamba leo Yosefu ni mtoto wa Komba. Hatukuletewa tu mwanamume mwingine kwa Maria."

Ukumbi ulimuunga mkono. Mwalimu Osmund, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasimama. Hakupaza sauti, hakuwahi kuhitaji.

"Kandidus mwanangu, hili ghala ni la parokia. Watu wametoka kwenye misa, wana watoto mapajani, na wewe unawaonyesha mwanamume asiyejulikana kwenye chumba cha mke wa mtu. Kamati ya parokia inakaa mwezi ujao. Nitakachoulizwa nitajibu."

Mama Kunegunda alikuwa mlangoni. "Shikamoo Mwalimu," akasema, ingawa walikuwa wamekwisha salimiana. "Ukiwajibu hivyo watalichukua ghala. Kahawa yangu yote iko ndani ya kile kioo. Benchi hizi nizipeleke wapi?"

"Marahaba, Kunegunda. Sijasema walichukue. Nimesema siwezi kudanganya kamati."

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Ghala likichukuliwa, hakukuwa na jengo jingine, na Mama Kunegunda angebaki na televisheni ya kuwekea vitambaa. Na ambaye jibu lake lingelifunga, kwa haki kabisa, ni yule yule aliyenifundisha kazi.

Jumatano tuliteremka ziwani na kanda ile ile, kwa kuwa nyingine haikuwapo. Mbele alikaa Bibi Esnath, mwanika usipa, vile visamaki vya ziwani, mama wa Kianglikana ambaye utani wake kwa Wamatengo ulijulikana mpaka Ukata, huko milimani kwetu. Gaudens mpya alipotokea watu walianza kunung'unika, naye akawanyamazisha.

"Kelele za nini? Mwenyewe amekufa, ndugu amerithi jina. Kwetu mtu akifa jina halizikwi naye. Anaingia mwingine, anaitwa vile vile, anakaa pale pale. Sasa mnashangaa nini?"

"Lakini Bibi, mbona hatukuona msiba?" akauliza mvuvi mmoja.

Bibi Esnath akanigeukia. "Hapo amesema kweli. Wewe Mmatengo, huwezi kutuletea mrithi kabla hatujamlilia mwenyewe. Mlimzika kimya kimya huko milimani? Mlikosa pombe?"

Nilifikiri haraka. Kila kanda ya Kikosi ilianza na magari mekundu yakipita mjini taratibu, yamefuatana, watu wamesimama kando ya barabara. Nilirudisha kanda mwanzo, nikafunga sauti, nikasema kwa sauti ya chini kwamba Kapteni Gaudens aliingia kwenye moto wa bandarini na hakutoka, na haya ndiyo magari ya wenzake yakimsindikiza. Kisha nikafunga mdomo, kama nilivyofundishwa. Akina mama walilia vizuri. Wanaume walitazama chini. Kilipokwisha kilio Bibi Esnath akajifuta uso na upande wa kanga, akasema, "Haya, mlete mrithi."

Nitasimama hapa kidogo, maana najua kuna kijana anasema huko si kutafsiri. Ni kweli, maneno yale hayakuwa kwenye kanda. Lakini hakuna aliyedanganyika. Kila mtu pale alijua nimerudisha kanda, waliisikia ikilia kwenye deki. Walichotaka ni kwamba jambo lifanywe kwa utaratibu, hata kama ni mchezo. Ukiwa na watu wenye utaratibu, watafsirie kwa utaratibu wao.

Jumamosi Bibi Esnath alipanda nasi kwenye pikapu na magunia yake ya usipa kwa ajili ya soko la Mbinga, na Jumapili akaja ghalani kututetea. Hakuombwa na mtu. Nilianza na ule msiba wa magari, na Mbinga nayo ikamlilia marehemu. Kisha Bibi akamwamkia Mwalimu Osmund, mtu wa rika lake, kwa kumuuliza kama amekwisha kujifunza kuogelea.

"Mwalimu," akasema, "Papa wenu akifa, anakuja mwingine. Anakalia kiti kile kile, anavaa kofia ile ile, mnamwita Baba Mtakatifu. Mbona hamsemi ni mwanamume asiyejulikana?"

Mwalimu akatabasamu.

"Papa hana mke, Bibi."

Watu walicheka mpaka benchi moja ikaachia msumari. Bibi Esnath alicheka kuliko wote, na nilidhani ndiyo mwisho wetu. Lakini Mwalimu alikuwa bado anafikiri. Nilimjua akifikiri, alikuwa akisugua kidole gumba kama anayechambua maharage.

"Msiba nimeukubali," akasema. "Mtu hufa. Mrithi nimemkubali. Lakini Monika ni mjane, na mjane haolewi kwa kufunguliwa mlango. Ndoa iko wapi? Matangazo yako wapi?"

Kwetu, kama mnavyojua, ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Nilimuuliza Mwalimu kwa tahadhari: je, ikitangazwa?

"Ikitangazwa, nitaiambia kamati kwamba tunangoja matangazo. Ila maneno ya kanisa uyaache kanisani. Sema ni tangazo la ukumbi. Na mpaka ndoa, sitaki kumwona ndani ya nyumba ile."

Kwa hiyo ikawa hivi. Kila Jumapili kabla ya kanda nilisimama nikatangaza kwamba Kapteni Gaudens, mrithi, mzimamoto, anakusudia kumwoa Monika, mjane, wa mji huo huo, na anayejua kizuizi asimame. Halafu kanda ikaanza. Moto uliwaka, gari liliondoka, watu waliokolewa. Kapteni alipokaribia nyumbani kwake, Mama Kunegunda aliruka na kanga akaifunika televisheni, nami nikasema, "Kapteni amelala kituoni." Tuliweza kuona mwanga wa sebule yao ukipita kwenye maua ya kanga. Hakuna aliyechungulia. Sijawahi kuona ghala likijaa kama majuma yale. Watu walitoka Ukata kwa miguu kuja kusikia tangazo.

Jumapili ya tatu nilipouliza kama kuna kizuizi, Bibi Esnath akasimama. Alikuwa amepanda tena kutoka ziwani, safari hii bila usipa hata mmoja.

"Kipo," akasema. "Huyu mrithi hajamlilia marehemu. Tangu aje namwangalia. Kavu."

Nilimtazama Mama Kunegunda. Alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Kizuizi ni kizuizi, na Mwalimu hakuwa mtu wa kupuuza utaratibu aliouweka mwenyewe.

Mwalimu akageuka polepole. "Alilia, Bibi. Kwenye moto wa kiwanda. Alitoka anafuta macho."

"Ule ulikuwa moshi."

"Ulikuwa moshi," Mwalimu akakubali. "Lakini wenzake nao walikuwa kwenye moshi ule ule. Mbona alifuta macho peke yake?"

Bibi Esnath akafikiri. Mkulima mmoja akasema ni kweli, Wilson hakufuta. Mwingine akasema Wilson alivaa miwani. Wakabishana, na mimi nikakaa upande nikiwatazama, na ndipo nilipoelewa kwamba Mwalimu ameacha kuwa hakimu. Alikuwa akimtetea bwana harusi.

"Basi nimekiondoa," akasema Bibi Esnath, akakaa. "Lakini ningekuwa mama yake Monika, ningesubiri."

Ilibaki harusi. Kwenye kanda iliyokuwa imefika kulikuwa na karamu kituoni, keki, Kapteni na mkewe wanacheza, wenzao wanapiga makofi, na mzee wa koti jeusi anatoa hotuba. Mwalimu aliitazama kwanza Jumamosi, kama nilivyokuwa naitazama mimi.

"Padre ni yule wa koti?"

"Hapana, Mwalimu. Yule ni meya."

"Usimvike meya upadre," akasema. Akasugua kidole. "Sema ndoa ilifungwa asubuhi kanisani. Hii ni sherehe ya mchana."

Mnaona tofauti ya fundi na mwanafunzi. Mimi ningehangaika na yule meya hadi leo.

Harusi ilifana. Kina mama walikuja na vigelegele na kuku wawili, ambao Mama Kunegunda alisema ni wa bwana harusi akawapeleka kwake kwa niaba yake. Kapteni alipoingia nyumbani jioni ile kwenye kioo, kanga ilibaki mabegani mwa mwenyewe. Kamati ya parokia ilikaa, ikajadili paa la kanisa, na ghala halikutajwa.

Miezi ikapita. Kahawa ikaiva, ikachumwa. Kisha basi likaleta kanda mpya, nikaitazama Jumamosi kama kawaida, na katikati nikaizima. Kapteni hakuwa amebadilika. Monika ndiye alikuwa mwanamke mwingine, mnene kidogo, mwenye nywele nyeusi, akimwaga chai kwenye vikombe vile vile.

Sikumwambia mtu. Jumapili niliwasha deki, na alipotokea jikoni niliona ghala zima likivuta pumzi. Mama Kunegunda alikwisha kusimama na kanga mkononi. Hakuna aliyenitazama mimi. Wote waligeukia mlangoni, alipokuwa amekaa Mwalimu Osmund.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yule wa kwanza tumemlilia?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi rudisha mwanzo, funga sauti," akasema, akivua kofia yake, na wanaume wote ghalani wakavua zao. "Matangazo yataanza Jumapili."